Gari Lililokosa Shahidi

Sisi wa Rungwe hatuna misala, ile mikeka ya kusalia. Jumapili tunakaa kwenye mabenchi ya mbao, na mkeka kwetu ni wa kulalia, wa kuanikia mahindi na wa kumkalisha mgeni aliyenyeshewa njiani. Lakini methali haimuulizi mtu anasali wapi. Wahenga waliposema, "Usiache mbachao kwa msala upitao," walimkusudia kila mwenye kitu chake kikuukuu ambaye siku moja anaona kipya kikipita mlangoni, roho ikakitamani. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Matundu yake unayajua, na joto lake unalijua kwa kuwa umeulalia miaka. Msala upitao unaujua rangi tu. Ambaye bado anaiona methali hii kuwa maneno ya vitabuni na aje nimweleze habari za Nsajigwa, fundi wa magari wa Bagamoyo. Ile Bagamoyo yetu ya mjini Tukuyu, isiyo na bahari wala minazi, yenye matope ya kutosha.

Nsajigwa alikuwa mtoto wa pekee wa Mzee Ambilikile wa Lupepo. Mzee huyo alikuwa na Landrova aliyoinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la chai aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Kadi ya gari ilieleza kwamba lilisajiliwa mwaka 1961, rangi ya kijivu, injini ya petroli, na chini yake ziliandikwa namba mbili ndefu, ya injini na ya chasisi. Watu wa Lupepo hawakuzihitaji namba hizo. Walilijua gari kwa kikohozi chake lilipokuwa likipanda kilima. Walijua pia kwamba kila Mzee alipoegesha, alishuka na spana ya magurudumu akaigonga pembe ya kulia ya chasisi, kile chuma kinene kinachotokeza mbele na kushika springi, ili matope yadondoke. Ngo, ngo, ngo. Wakisikia hivyo walijua Ambilikile amefika, na mwenye mgonjwa alitoka mbio kumwita.

Nusu ya watoto wa kijiji walizaliwa hospitali kwa sababu ya gari hilo, na wazee wengi walirudishwa nyumbani nalo wakiwa ndani ya jeneza. Mlango wake ulikuwa na bonde, alama ya teke la fahali wa mahari. Usukani ulizungushiwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Kiti cha abiria kilikuwa kimedidimia upande mmoja, mahali alipozoea kukaa mke wa Mzee, mama yake Nsajigwa, kila walipokwenda sokoni.

Kisha ikaja miaka ya dhiki, sukari ikawa ya foleni na tairi ikawa hadithi. Landrova ikapandishwa juu ya mawe manne, ikaezekewa paa la nyasi. Mke wa Mzee akafariki. Macho ya Mzee nayo yakaingia ukungu wa mtoto wa jicho, mwisho akawa haoni hata mkono wake. Hata hivyo kila asubuhi alipapasa njia hadi kwenye gari, akaketi nyuma ya usukani, na mkono wake wa kushoto akauweka kwenye lile bonde la kiti cha pembeni. Majirani walimwacha. Huzuni ya mtu haina fundi.

Mambo yakaja kufunguka. Neno likawa "ruksa", na kila kitu kikawa ruksa: redio, mitumba, mabati, injini za Japani zilizopakwa grisi kama watoto waliotoka kuogeshwa. Mwaka 1993, baada ya mvua kwisha, Nsajigwa alipanda Lupepo kumwona baba yake.

"Tata, nataka nilifufue gari lako," alisema. "Vipuri sasa vipo. Krismasi utapanda."

Mzee aliutafuta mkono wa mwanawe, akaushika.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu," alisema. "Mimi sitaki mengi. Nataka nikae upande wa mama yako, nilisikie likipanda kilima chetu mara moja tu. Baada ya hapo hata likifa, tufe wote."

"Utalisikia, tata."

Mzee aliingia ndani akapapasa juu ya kabati, akatoka na kopo la majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na kadi, imekunjwa kwenye nailoni. "Hii ndiyo roho yake. Mwaka mmoja nilitaka kulipaka rangi ya kijani, nikaenda kwanza Mbeya kuomba. Wakaniambia, ukibadili rangi, ukibadili injini, ukibadili bodi, sharti tulikague na tuandike humu. Nikaona usumbufu, nikaliacha na rangi yake. Wewe ukibadili chochote, anzia huko."

Nsajigwa alicheka kwa upendo, kama tunavyowacheka wazee. "Tata, hayo yalikuwa ya enzi za foleni. Siku hizi ruksa. Nitaandikisha nikishamaliza."

"Nyumba haijengwi ndipo kiwanja kiombwe," alisema Mzee, lakini kadi akaitoa.

Gari lilivutwa kwa trekta hadi gereji ya Bagamoyo, na mwezi wa kwanza Nsajigwa alilitendea haki. Alifungua injini akasafisha kila bolti, akaziweka kwenye beseni la mafuta ya taa. Siku ilipokohoa mara ya kwanza, machozi yalimlenga. Ilikuwa sauti ya utoto wake. Laiti angeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Hapo ndipo msala ulipopita. Ulipita kwa jina la Fred, mfanyabiashara wa vipuri, mtu mwenye viatu vya kung'aa hata wakati wa masika, aliyekuwa akienda na kurudi kati ya Mbeya na mpaka wa Malawi. Alisimamisha lori lake mbele ya gereji, akaitazama Landrova, akatikisa kichwa.

"Fundi, unahangaika na maiti," alisema. "Hiyo injini inakunywa petroli kama mlevi wa pombe. Mimi nina dizeli ya Kijapani, inalia taratibu hata mtoto haamki. Nina pia upande mzima wa mbele wa pikapu, springi zake laini. Mzee wako atakaa kama yuko kitandani."

"Hii ni ya baba yangu. Anaipenda ilivyo."

"Anaipenda kwa sababu hajakalia nyingine. Wewe unataka mzee wa watu arushwerushwe mpaka lini?"

Neno hilo lilimchoma mahali pake. Nsajigwa hakuwa mtoto mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Alimpenda baba yake, akataka kumpa kizuri kuliko alichoomba. Wakabadilishana. Fred akapakia injini ya zamani, akavuka nayo mpaka, na tangu siku hiyo hakuonekana tena Tukuyu.

Baada ya injini, mkono haukushikika. Viti viling'olewa, vikatiwa viti vya mahameli vya gari dogo. Bonde la mlangoni likajazwa lipu ya rangi. Usukani wa ngozi ukatupwa. Kibati kilichoandikwa namba ndani ya gari kiliondolewa ili papigwe rangi vizuri, kisha hakikujulikana kilikokwenda. Na ili zile springi laini zikae, Nsajigwa alichukua moto wa gesi akazikata pembe mbili za chasisi, akachomelea za Kijapani mahali pake. Mwisho akalipaka gari rangi nyekundu, nyekundu ya pilipili.

Siku hiyo ya kukata, mke wake Tulia alikuja gereji kumletea chakula. Tulia alikuwa mwimbaji katika kwaya ya kanisa dogo la Lupepo, na wiki hiyo akina mama wenzake walikuwa wakilalamika kwamba rimu waliyokuwa wakiigonga kama kengele ilikuwa imepasuka. Akaona chuma kinene chini, chenye tundu la kupitishia waya.

"Baba Lusungu, hiki kina kazi?" aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Nsajigwa alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo ikionekana. "Kipi? Chochote kilichoko chini hapo ni takataka. Chukua."

Tulia akakivingirisha kwenye khanga, akakipeleka Lupepo. Wakakitundika kwenye mparachichi ulio nje ya kanisa, wakakigonga kwa nati kubwa. Kikalia vizuri kuliko rimu. Chuma cha pili kilichukuliwa na vijana wa vyuma chakavu waliopita na mkokoteni.

Krismasi ilipobaki siku kumi, Nsajigwa alilitoa gari kwenda Mbeya kukata leseni ya barabara. Alikusudia kulipitisha kwa baba yake likiwa kamili, lenye karatasi zote. Kwenye kizuizi cha barabarani alisimamishwa na mkaguzi wa magari aliyeitwa Hezekia, mtu wa Kigoma, mpole wa sauti na mgumu wa kazi. Miaka hiyo magari mengi ya wizi yalikuwa yakivushwa mipakani, na wakaguzi walikuwa wakisoma kadi neno kwa neno.

"Kadi inasema kijivu," alisema Hezekia. "Inasema petroli."

"Nimelikarabati, afande. Nilikuwa naja kuandikisha."

"Uliomba kabla ya kubadili?"

Hezekia alifungua bonneti, akatazama namba ya injini, si yenyewe. Akainama mbele ya gari, akapapasa pembe ya kulia ya chasisi. Kidole chake kilikutana na mshono wa kuchomelea, na chuma kilichofuata kilikuwa kitupu.

"Namba ilikuwa hapa," alisema. "Landrova hizi namba ilipigwa hapa, kwenye chuma chenyewe. Fundi, kipande kiko wapi?"

Nsajigwa akaukumbuka ule moto wa gesi. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umekata jina la gari la baba yake, naye hakujua. "Nilikitupa," alijibu.

Gari likalazwa kituoni Tukuyu, na mwenyewe akaambiwa asitoke mjini. Lakini Hezekia hakuwa mtu wa kumzika mtu hai. Baada ya siku mbili alimwita. "Kadi ni ya baba yako. Mwenye gari akilitambua mbele yangu, kwa alama anazozijua yeye, nitaandika ripoti lipigwe namba upya na mabadiliko yaingie kwenye kadi. Asipolitambua, kwangu mimi hili ni gari lisilo na asili. Nisamehe, ndiyo kazi."

"Baba yangu haoni, afande."

"Ana mikono?"

Walifika Lupepo alasiri, gari likiendeshwa na Hezekia mwenyewe. Majirani wakajaa uani. Tulia, aliyekuja kwa mazoezi ya kwaya, alikuwa jikoni kwa jirani, lakini aliposikia kwamba baba mkwe anatolewa nje, alijifunika khanga akaondoka mbio, akaenda kujitenga ng'ambo ya migomba, mbali asikoweza kusikia maneno. Ndivyo mila ya Wanyakyusa inavyomtaka mkamwana: hamkabili baba mkwe, hazungumzi naye, hasimami mahali aliposimama yeye. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyefikiri kwamba palikuwa na sababu ya kumwita.

Mzee Ambilikile alitoka akiwa amevaa koti lake la Jumapili. Alikuwa mzee wa kanisa, na aliambiwa kwamba atakachosema kitaandikwa.

"Shikamoo, mzee," alisema Hezekia. "Tunataka utuambie kama gari hili ni lako."

"Marahaba. Liwasheni kwanza. Nikilisikia nitajua hata nikiwa usingizini."

Watu wakatazamana.

"Limeshawaka, tata," alisema Nsajigwa. "Linawaka tangu tumefika."

Mzee aliinamisha sikio. Ile dizeli ya Kijapani ilikuwa ikinong'ona, taratibu, kama Fred alivyoahidi. Mzee akanyoosha mikono, akaufikia mlango, akalitafuta lile bonde la teke la fahali. Viganja vilipita juu chini, juu chini, vikakuta ulaini mtupu. Akaingia. Akashika usukani, akauachia upesi kama mtu aliyeshika mkono wa mgeni gizani. Kisha kiganja chake cha kushoto kikaenda kwenye kiti cha pembeni. Alikibonyeza, kikainuka. Akakibonyeza tena kwa kiwiko, akakipapasa hadi kwenye mshono, akitafuta mahali alipokuwa akikaa mkewe. Mahameli yakainuka tena. Mama mmoja pale uani alianza kulia kimyakimya, akatoka.

Nsajigwa alisogea dirishani. "Sema ndiyo, tata," alinong'ona. "Nakuomba. Ni lenyewe."

Mzee alishuka, akasimama wima, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Afande," alisema, "huyu mwanangu namjua. Hajapata kuniibia hata ndizi. Lakini ukiniuliza gari, mimi siwezi kula kiapo juu ya kitu nisichokijua. Mwanangu simkani. Gari silijui."

Wakati huohuo, ng'ambo ya bonde, kengele ya kanisa ililia kuwaita wanakwaya kwenye mazoezi. Ngo, ngo, ngo. Mzee aligeuza kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Alifungua mdomo kutaka kusema jambo, lakini Hezekia alikuwa amekwisha kumwekea kidole chake kwenye wino, na Nsajigwa alikuwa akilia kwa sauti. Hakuna aliyemuuliza alitaka kusema nini.

Ripoti iliandikwa. Gari lilipelekwa yadi ya Mbeya, na Nsajigwa akapewa miezi mitatu alete kipande kilichokatwa au injini ya zamani. Aliwafuata vijana wa mkokoteni hadi Uyole, akachakura marundo ya vyuma kwa mikono hadi ikachubuka. Alivuka mpaka kumtafuta Fred, akarudi mikono mitupu. Nyumbani hakusema kitu. Tulia alipouliza wanachokitaka wakubwa wale, alimjibu, "Mambo ya gereji hayo, huwezi kuyaelewa. Wameniona nimeanza kuinuka." Aibu ilikuwa imemfunga mdomo, na yeye akaiita hasira.

Hasira yenyewe aliielekeza Lupepo. Siku ile kabla ya kuondoka alimwambia baba yake neno ambalo hadi leo analitafuna kama mchanga kwenye ugali. "Neno moja tu lilikushinda, tata. Umeniuza." Tangu hapo hakupanda tena kilima. Krismasi ilipita, Mwaka Mpya ukapita, mvua zikazidi. Tulia ndiye aliyekwenda kila Jumapili kwenye kwaya, akamwachia baba mkwe maziwa na ndizi mlangoni, akarudi.

Mwezi wa tatu miezi mitatu ilitimia. Gari lilipigwa mnada kama chuma chakavu.

Mwezi wa nne, kwenye masika yenyewe, Mzee Ambilikile alipata homa ya mapafu. Ilimchukua siku tatu. Nsajigwa alipata habari asubuhi, akapanda kilima kwa miguu akiteleza na kuinuka, akamkuta baba yake amekwisha kufunikwa.

Barabara ya Lupepo ilikuwa tope hadi magotini, na hakuna gari lililoweza kupanda. Yeye aliyewabeba wagonjwa, maharusi na marehemu wa kijiji kizima alibebwa mabegani na vijana sita waliokuwa wakibadilishana, jeneza likiyumba kwenye mvua. Nsajigwa alitembea nyuma yake. Kila hatua aliikumbuka ahadi yake: utalisikia, tata.

Katika kanisa lile ni desturi mtoto wa marehemu agonge kengele jeneza linapotoka kwenda kaburini. Mchungaji alimpa nati, akamwelekeza kwenye mparachichi. Nsajigwa aliinua mkono, akagonga mara moja, na mkono ukabaki hewani. Aliujua mlio ule. Aliusikia utotoni kila jioni baba yake alipoegesha gari. Akakishika chuma, akakigeuza. Miezi minne ya kugongwa ilikuwa imepukutisha kutu na matope ya miaka thelathini, na mvua ilikuwa imeosha yaliyobaki. Pembeni mwa tundu la waya palikuwa na tarakimu. Hakuhitaji kadi, maana alikwisha kuzikariri kwa kuzitafuta. Alizisoma moja moja kwa kidole hadi ya mwisho, kisha akaketi matopeni mbele ya watu wote.

Tulia alimkimbilia. Siku hiyo hapakuwa tena na baba mkwe wa kumkwepa.

"Nani alikileta hiki?" aliuliza Nsajigwa.

"Mimi. Ulisema ni takataka, nichukue."

"Mbona hukuniambia? Nimekitafuta hiki mpaka Malawi!"

"Baba Lusungu, hukuniambia unatafuta nini," alisema Tulia, naye analia. "Nilikuuliza. Ukasema mambo ya gereji."

Mchungaji aliinama akamshika bega. Alikuwa mtu mzima, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka kwa baridi na kwa kitu kingine. "Mwanangu, nina jambo la kukuungamia. Baba yako alituambia. Kila kengele ilipolia alisimama akasema, 'Gari langu liko kanisani, linaniita.' Akatuomba tumpeleke alishike. Tulidhani ni uzee. Tulimwambia, pumzika Mzee, gari lilikwisha kuondoka."

Nsajigwa aligonga kengele mpaka watu wakamshika mkono.

Baada ya matanga alikifungua chuma kile, akakifunga kwenye gunia, akakipeleka Mbeya. Hezekia alikiweka mezani, akafungua jalada, akalinganisha namba na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Alivua kofia yake akaiweka juu ya meza. Kisha alimpeleka Nsajigwa nyuma ya yadi, mahali gari lilipokuwa limeegeshwa. Palikuwa na doa la mafuta, majani yaliyolala chini, na ganda dogo la rangi nyekundu ya pilipili. Waliolinunua walilikata siku ileile.

"Lilikuwa lenu," alisema Hezekia.

"Lilikuwa la baba yangu," alisema Nsajigwa. "Mimi nililifanya lisiwe la mtu."

Alirudi Lupepo na gunia lake. Chuma alikitundika palepale kwenye mparachichi, kwa waya mpya, namba ikitazama makaburi ya wazazi wake. Gereji yake ipo mpaka leo, na mteja akija na gari kuukuu akitaka libadilishwe moyo na sura, Nsajigwa humwomba kwanza kadi, akaisoma mbele na nyuma, halafu humuuliza ni nani alikuwa akikaa kiti cha pembeni. Wengine humwona ana wazimu kidogo. Jumapili kengele inapolia, yeye haingii kanisani pamoja na wenzake. Husimama chini ya mti, hata mvuani, mpaka mlio wa mwisho uishe, maana hicho ndicho kilichobaki cha ile Landrova kupanda kilima, na aliyetaka kukisikia hayupo tena. Ndipo watu wa Lupepo, wakimwona pale, huambizana kwa sauti ya chini yale waliyosema wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao.